Lord Rutherford na Vimeto vya Gizani

Kila mwanafunzi aliyekwisha ingia darasa la fizikia amelisikia jina la Lord Rutherford. Twafundishwa kwamba yeye ndiye aliyegundua ya kuwa atomu ina kiini katikati yake. Nasi twachora picha katika madaftari yetu, kiini katikati na elektroni pembeni, kisha twafunga daftari. Lakini ni wachache wanaojiuliza: Je, mtu huyu aliwezaje kujua habari za kitu ambacho hakuna jicho la mwanadamu lililopata kukiona? Jibu ni jepesi hata linashangaza. Alijua kwa sababu watu waliketi katika chumba chenye giza wakahesabu nuru ndogo ndogo zilizokuwa zikimeta juu ya kioo, moja, mbili, tatu, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Habari za maisha yake, pamoja na habari za vimeto hivyo, ndizo tunazotaka kuzieleza hapa.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Ernest Rutherford alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1871, katika kijiji kilicho karibu na mji wa Nelson, nchi ya Nyuzilandi. Baba yake, James, aliletwa huko kutoka Uskoti angali mtoto mdogo, naye alikuwa fundi wa magurudumu ya magari ya farasi, tena mkulima. Mama yake, Martha, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuolewa. Watoto wao walikuwa kumi na wawili, na Ernest alikuwa wa nne. Nyumba yenye watoto kumi na wawili haina nafasi ya mvivu. Kila mtoto alikuwa na kazi yake, na fedha za kuwasomesha wote hazikuwapo.

Kwa hiyo kila hatua ya elimu yake Ernest aliipata kwa kushinda mtihani wa msaada wa masomo. Kwa njia hiyo aliingia shule ya Nelson College mwaka 1887, na kwa njia hiyo hiyo aliingia Canterbury College katika mji wa Christchurch mwaka 1890. Hapo alianza kufanya majaribio yake mwenyewe juu ya sumaku na umeme, akitengeneza vyombo vyake kwa mikono.

Mwaka 1895 kulikuwa na msaada mmoja tu kwa nchi nzima wa kwenda kusoma ng'ambo. Msaada huo hakupewa Rutherford, bali alipewa mwenzake mmoja, mwanafunzi wa kemia. Yule mwenzake alikuwa na sababu zake za kutokwenda, akaukataa, ndipo ukamwangukia Rutherford. Yasemekana kuwa habari hiyo ilimkuta shambani akichimba viazi, akatupa jembe chini papo hapo. Basi kijana huyo akapanda meli, akaenda Cambridge, Uingereza, kufanya kazi chini ya Profesa J. J. Thomson katika maabara ya Cavendish.

MONTREAL NA CHEMBE ALFA

Huko Cambridge alijifunza habari mpya zilizokuwa zikivuma Ulaya nzima, yaani habari za mionzi itokayo yenyewe katika madini kama urani. Aliona kuwa mionzi hiyo si ya namna moja. Ile inayozuiliwa upesi, hata kwa karatasi chache tu, akaiita alfa, na ile ipenyayo zaidi akaiita beta. Mwaka 1898 alipewa cheo cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, nchi ya Kanada, hali ana umri wa miaka 27. Mwaka 1900 alirudi kwao akamwoa Mary Newton, na mwaka uliofuata wakapata binti, Eileen, ambaye ndiye mtoto wao wa pekee.

Katika Montreal, pamoja na kijana mwanakemia aitwaye Frederick Soddy, aligundua jambo ambalo wanakemia wengi hawakutaka kulisadiki. Walionyesha kwamba kitu kama thoriamu kinapotoa mionzi chajigeuza chenyewe, kikawa kitu kingine. Kwa kazi hiyo alipewa Zawadi ya Nobel mwaka 1908. Lililowachekesha watu, na yeye mwenyewe pia, ni kwamba zawadi hiyo ilikuwa ya kemia, naye alikuwa mtu wa fizikia.

Kufika wakati huo alikuwa amekwisha hamia Manchester, Uingereza, tangu mwaka 1907. Na hapa ndipo vimeto vinapoingia katika hadithi yetu.

KIOO KINACHOMETA

Mwaka 1903 mwanachuoni mmoja wa London, Sir William Crookes, alikuwa akichunguza kioo kilichopakwa unga wa zinki salfaidi. Radiamu ikiwekwa karibu na kioo hicho gizani, kioo chote hutoa mwanga hafifu. Crookes alipoutazama mwanga huo kwa lenzi aliona kuwa si mwanga mmoja uliotulia, bali ni nuru nyingi ndogo ndogo, kila moja ikizuka na kuzimika mara moja, kama vimulimuli kichakani usiku wa giza. Mwaka ule ule wanachuoni wawili wa Ujerumani, Elster na Geitel, waliona jambo hilo hilo.

Sababu yake ni hii. Chembe alfa moja hutoka katika radiamu kwa mbio za kilometa zipatazo 15,000 kwa sekunde. Ikigonga punje ya zinki salfaidi hukwama humo, na nguvu yake yote huingia katika punje hiyo, na sehemu ya nguvu hiyo hutoka tena kwa umbo la nuru. Wataalamu huiita hali hii sintilesheni. Sisi tutaviita vimeto.

Wengi walikiona kioo hicho kama mchezo wa kufurahisha wageni. Rutherford alikiona kwa jicho jingine. Yeye na msaidizi wake Mjerumani, Hans Geiger, walikuwa wametengeneza mwaka 1908 chombo cha umeme cha kuhesabu chembe alfa. Wakazihesabu chembe kwa chombo hicho, kisha wakahesabu vimeto kwa macho. Hesabu mbili zikakaribiana sana. Maana yake ni kwamba kila kimeto ni chembe moja. Sasa mtu aliweza kuona mgongano wa atomu moja moja, na kuuhesabu, bila chombo kingine ila kioo, hadubini na jicho lake.

Lakini kazi hiyo haikuwa rahisi. Mhesabu alipaswa kukaa gizani kiasi cha nusu saa kabla ya kuanza, mpaka macho yazoee. Kisha aliweka jicho kwenye hadubini na kuhesabu kwa muda mfupi, akampisha mwenziwe, akapumzika, akarudi tena. Vimeto vikiwa vingi jicho hulemewa, na vikiwa vichache mno akili huanza kutangatanga. Rutherford mwenyewe, mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti nzito, hakuwa na subira ya kazi hiyo. Baada ya dakika chache alichoka na kuanza kunung'unika. Aliyeiweza ni Geiger, ambaye aliweza kuketi gizani na kuhesabu bila kukosa utulivu. Rutherford alijua nguvu yake na alijua udhaifu wake, na kila kazi alimpa aliyeiweza.

ILE MOJA KATIKA ELFU NANE

Siku hizo watu wa elimu walidhani kuwa atomu ni kama donge laini, lenye umeme chanya ulioenea mahali pote, na elektroni zimechomekwa ndani yake kama zabibu kavu katika mkate. Chembe alfa ikipita katika donge kama hilo yaweza kupinda kidogo tu.

Mwaka 1909 kulikuwa na kijana katika maabara, Ernest Marsden, mwenye umri wa miaka 20, ambaye alikuwa hajapata hata digrii yake ya kwanza. Rutherford alimpa kazi ya kujifunzia, nayo ni kutazama kama kuna chembe alfa yo yote inayorudi nyuma baada ya kugonga bamba la madini. Hakuna aliyetazamia kuwa ataona kitu. Huenda mwalimu mwingine asingalipoteza saa moja kwa swali kama hilo.

Marsden na Geiger wakaketi gizani, kioo kikiwa upande ambao chembe hazikupaswa kufika. Wakaona vimeto. Vilikuwa vichache, lakini vilikuwapo. Walipotumia bamba la platinamu walikuta kwamba chembe kama 1 katika kila 8,000 ilirudishwa nyuma.

Fikirini mtu anayerusha mawe kwa nguvu zake zote kwenye chandarua cha mbu. Mawe yote yapenya, lakini mara moja katika mara elfu nane jiwe lamrudia na kumpiga usoni. Mtu huyo aweza kusema kuwa amekosea kuona. Aweza pia kusema kuwa moja katika elfu nane si kitu, akaliacha lipite. Lakini akiwa mtu wa kweli hana budi kukiri kwamba ndani ya chandarua mna kitu kidogo sana, kigumu na kizito, ambacho mawe mengine yote yalikipita kando.

Rutherford aliifikiri hesabu hiyo kwa zaidi ya mwaka mzima. Mwaka 1911 alitoa jibu lake. Uzito wa atomu, karibu wote, umekusanyika katika kiini kidogo mno katikati yake, na sehemu iliyobaki ni karibu tupu. Tukiikuza atomu ya dhahabu hata iwe na upana wa mita 100, kama urefu wa uwanja wa mpira, kiini chake kitakuwa kama choroko moja iliyowekwa katikati ya uwanja.

Walakini hakutaka kuaminiwa kwa maneno matupu. Alipiga hesabu ni vimeto vingapi vitaonekana katika kila pembe, kwa kila madini na kwa kila mwendo wa chembe, kama mawazo yake ni ya kweli. Geiger na Marsden wakarudi gizani. Walipomaliza mwaka 1913 walikuwa wamehesabu vimeto zaidi ya 100,000, na hesabu zao zilipatana na zile za Rutherford. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hicho kilijazwa na vimeto, na ndani yake kikapatikana kiini cha atomu.

VITA, NA MGEUKO WA NAITROJENI

Mwaka 1914 Rutherford alifanywa Sir. Mwaka ule ule vita kuu vikaanza, na maabara yake ikatawanyika. Geiger alijiunga na jeshi la Wajerumani, na Marsden alikuwa upande wa Waingereza. Henry Moseley, mmoja wa wanafunzi wake wenye akili sana, aliuawa huko Gallipoli mwaka 1915. James Chadwick, aliyekuwa amekwenda Berlin kufanya kazi na Geiger, alifungwa huko katika kambi mpaka vita vilipokwisha. Wale waliokuwa wakibadilishana hadubini moja sasa walikuwa maadui kwa amri ya serikali zao, ingawa mioyoni mwao hawakuacha kuwa marafiki.

Rutherford aliitwa kutafuta njia ya kusikia manowari zinazopita chini ya bahari. Lakini saa alizozipata alirudi kwenye kioo chake, akiwa na msaidizi mmoja wa maabara, William Kay. Kabla ya vita Marsden alikuwa ameona vimeto vya ajabu, vilivyotokea mbali kuliko chembe alfa iwezavyo kufika. Rutherford akavifuata. Akapitisha chembe alfa katika hewa ya oksijeni, na vile vimeto vya mbali vikapungua. Akazipitisha katika hewa ya kawaida iliyokaushwa, vikaongezeka. Akazipitisha katika naitrojeni tupu, vikaongezeka zaidi. Basi vilitoka katika naitrojeni.

Mwaka 1919 alitangaza habari hiyo. Chembe alfa ilikuwa imeingia katika kiini cha naitrojeni na kukitoa kiini cha haidrojeni, ambacho mwaka 1920 alikipa jina la protoni. Kwa mara ya kwanza mwanadamu alikuwa amekigeuza kiini cha kitu kimoja kwa makusudi. Mwaka 1925 kijana wa maabara yake, Patrick Blackett, alithibitisha mgeuko huo kwa njia nyingine kabisa. Alipiga picha zipatazo 23,000 za njia za chembe katika mvuke, na katika njia kama 400,000 alizoziona, 8 tu zilionyesha naitrojeni ikigeuka. Aliyetafuta 8 hizo alikuwa na subira ya namna ile ile ya wahesabu wa gizani.

UGOMVI WA CAMBRIDGE NA VIENNA

Mwaka 1919 Rutherford alirudi Cambridge kuwa mkuu wa Cavendish, mahali pa mwalimu wake Thomson. Yeye na Chadwick wakaendelea kuvipiga viini vya vitu vyepesi kwa chembe alfa. Walikuta kwamba vitu vingi, toka boroni hata potasiamu, hutoa protoni, isipokuwa kaboni na oksijeni.

Wakati huo huo, mjini Vienna, nchi ya Austria, palikuwa na watafiti wengine, Hans Pettersson na Gerhard Kirsch, waliokuwa wakifanya majaribio ya namna hiyo. Wao walitangaza kuwa wameona vimeto vingi zaidi kuliko Cambridge, na kwamba hata kaboni hutoa protoni. Cambridge wakasema sivyo. Vienna wakasema ndivyo. Miaka ikapita, makala zikajibizana, na hapakuwa na mtu wa kuamua, kwa maana chombo cha pande zote mbili kilikuwa kimoja, nacho ni jicho la mtu.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Ikiwa watu waaminifu wawili watazama kioo cha namna moja na kuona mambo mbalimbali, basi ni nani atakayeamini hata zile hesabu za mwaka 1913? Nyumba yote aliyoijenga Rutherford ilisimama juu ya vimeto.

Desemba mwaka 1927 Chadwick alisafiri kwenda Vienna. Alikuta kwamba kazi ya kuhesabu ilifanywa na wanawake walioajiriwa kwa kazi hiyo, nao walijua ni jaribio gani linafanywa, na ni jibu gani linalotazamiwa. Chadwick akaomba awapangie kazi yeye mwenyewe. Akawa akibadilisha vyombo bila wao kujua, mara kitu cha kupigwa kipo, mara hakipo, nao walihesabu tu walichokiona. Vile vimeto vingi vya Vienna vikatoweka. Hesabu zilizobaki zilikuwa kama zile za Cambridge.

Wale wanawake hawakusema uongo. Waliketi gizani mpaka macho yakachoka, na macho yaliyochoka huona lile ambalo moyo unalitazamia. Kosa lilikuwa la mpango wa kazi. Rutherford hakuitumia habari hiyo kuwaaibisha wapinzani wake hadharani. Jambo lilimalizwa kwa utulivu, na watu wa Vienna wakaachiwa heshima yao. Lakini alielewa kuwa jicho peke yake halitoshi tena, na tangu hapo maabara yake ilikazana kutengeneza vyombo vya umeme vya kuhesabu. Mtu aliyepata sifa yake yote kwa njia moja akakubali kuiacha njia hiyo ilipoonyesha udhaifu wake. Wakubwa wengi hawawezi.

Geiger naye, huko Ujerumani, alikuwa amekwisha onyesha njia ya kulipima jicho lenyewe. Mwaka 1924, pamoja na mwenziwe Werner, aliwaweka watu wawili wakitazama kioo kimoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiandika kimeto anachokiona. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Tuseme mtu wa kwanza aliona vimeto 80, wa pili 75, na katika hivyo 60 viliandikwa na wote wawili. Basi katika vimeto 75 vya mtu wa pili, yule wa kwanza aliviona 60, yaani vinne katika kila vitano. Kama aona vinne katika kila vitano, na jumla yake ni 80, basi vimeto vyote vilikuwa 100. Hivyo twajua hata vile ambavyo hakuna mtu aliyeviona.

KIJUMBA CHA MWAKA 1932

Hata hivyo kioo cha zamani kilikuwa na kazi moja kubwa iliyobaki. Katika Cavendish vijana wawili, John Cockcroft na Ernest Walton, walikuwa wametengeneza mtambo wa kusukuma protoni kwa umeme wa volti laki kadhaa. Chini ya mtambo palikuwa na kijumba kidogo cha giza, chenye kioo cha zinki salfaidi na hadubini. Tarehe 14 Aprili, 1932, Walton alielekeza protoni kwenye kipande cha lithiamu, akatambaa sakafuni kuuepuka umeme mkali, akaingia kijumbani na kutazama. Akaona vimeto vingi.

Alimwita Cockcroft, naye akaviona. Wakamwita Rutherford. Mzee huyo, aliyekuwa na miaka 60, alijibana kwa shida mpaka akaenea katika kijumba kile. Kutoka ndani alipaza sauti, akiamuru umeme uongezwe, upunguzwe, uzimwe, kusudi aone kama vimeto vitafuata. Vikafuata. Naye aliyejua sura ya kimeto cha chembe alfa kuliko watu wote duniani alikitambua mara moja. Kiini cha lithiamu kilikuwa kimepokea protoni na kupasuka, kikawa chembe alfa mbili. Mwaka ule ule Chadwick aligundua nyutroni, ambayo Rutherford alikuwa ameitabiri tangu mwaka 1920. Chadwick alipewa Zawadi ya Nobel mwaka 1935, na Cockcroft na Walton mwaka 1951.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Heshima za dunia zilimfikia. Kuanzia mwaka 1925 mpaka 1930 alikuwa Rais wa Royal Society, na mwaka 1931 akafanywa Lord Rutherford wa Nelson, akachukua jina la mji wa utoto wake. Lakini furaha ya cheo hicho ilichanganyika na msiba, maana binti yake Eileen alikuwa amefariki Desemba, 1930, akiacha watoto wadogo wanne. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilipoanza kuwafukuza wanachuoni wa Kiyahudi kazini, Rutherford alikubali kuwa mkuu wa chama kilichowatafutia kazi na makao nchini Uingereza, akaitetea kazi hiyo mbele ya watu wengi.

Tarehe 19 Oktoba, 1937, alifariki mjini Cambridge baada ya kupasuliwa kwa ugonjwa wa ngiri, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yalizikwa katika Westminster Abbey, London, karibu na kaburi la Isaac Newton. Kitu cha namba 104 katika jedwali la elementi kimepewa jina lake tangu mwaka 1997.

WAJUKUU WA KIOO KILE

Je, vimeto viliisha? La. Kilichoondoka ni jicho tu. Mwaka 1944, katika Marekani, Curran na Baker waliweka mbele ya kioo cha zinki salfaidi bomba liitwalo fotomaltiplaya. Nuru kidogo ikigonga bamba la kwanza la bomba hilo hutoa elektroni moja. Hiyo huvutwa kwenye bamba la pili na kutoa kadhaa, nazo huvutwa kwenye la tatu, na kuendelea, mpaka mwishoni elektroni moja imezaa mamilioni, na mashine yaweza kuzihesabu. Bomba halichoki wala halitazamii jibu lo lote. Mwaka 1947 Kallmann, huko Berlin, alionyesha kuwa naftalini, ile tunayoweka katika masanduku ya nguo, yaweza kutoa vimeto vya kuhesabiwa, na mwaka 1948 Hofstadter, huko Marekani, akatumia fuwele za sodiamu ayodaidi, ambazo mpaka leo hutumika hospitalini kuonyesha viungo vya mwili wa mgonjwa.

Mwaka 1956 Reines na Cowan waliikamata nyutrino, chembe isiyokamatika kwa urahisi, kwa matangi ya maji maji yanayometa. Katika maabara ya CERN, karibu na mji wa Geneva, kuna chombo kiitwacho CMS, chenye fuwele zipatazo 76,000 zinazometa zikipigwa na chembe. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai, 2012, ilijulikana kwa sehemu kwa vimeto vya fuwele hizo. Na watu wa huko, kabla ya kulifungua jibu lao, hupanga kwanza njia yote ya kuhesabu bila kulitazama, wasije wakaona wanachokitaka. Hili ndilo fundisho la Vienna, nalo halijasahauliwa.

FUNDISHO KWETU

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hatutafika Geneva. Lakini kila wiki twaingia maabara ya shule yetu, na huko twakutana na jaribu lile lile. Kitabu chasema jibu ni 9.8, nasi kipimo chetu chatoa 9.2. Hapo kalamu huanza kuuwasha mkono, na ni rahisi sana kuandika 9.7 ili mwalimu apendezwe. Marsden alikuwa mwanafunzi kama sisi. Kila mtu mwenye elimu angalimwambia kwamba asingeona kimeto hata kimoja. Yeye akaandika alichokiona, na mwalimu wake hakumwambia afute.

Basi tuandike 9.2, kisha tutafute sababu yake. Nao walimu wetu na wazee wetu twawaomba watupe alama kwa daftari la kweli kabla ya kutupa alama kwa jibu zuri.